Kaimu kwa Mara ya Tatu

Tarehe 3 Machi

Binti yangu ni Kaimu, wifi. Tena si Kaimu hivi hivi, ni Kaimu kwa mara ya tatu, imeandikwa kwa mashine na kugongwa muhuri wa kiwanda. Nimeisoma mwenyewe bila kusomewa na mtu.

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo? Miguu inaendeleaje? Kaka yako hajambo, yupo hapa anajifanya anasikiliza redio, lakini tangu juzi anatembea kama aliyemeza rula.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utaniuliza. Binti alikuja likizo ya siku nne na wanawe wawili. Nikawa natoa nguo zao kwenye begi nizifue, bahasha ikadondoka. Mimi si mtu wa kupekua mizigo ya watu, unanijua, lakini bahasha iliyodondoka yenyewe imeshajifungua nusu. Ndani imeandikwa: "Unaongezewa muda wa kukaimu nafasi ya Msimamizi, zamu ya mchana, kwa mara ya tatu." Nikakaa palepale juu ya nguo chafu. Mtoto ameongezewa mara tatu na hajafungua mdomo. Nilipomuuliza akasema, "Mama, irudishe tu kwenye begi, si kitu cha kusherehekea." Unaona malezi hayo? Wapo wanaopandishwa mara moja tu na mama zao wanatangaza mpaka kwa fundi viatu.

Barua nimebaki nayo. Ipo mezani, juu ya kitambaa kile cheupe, na majirani kumi na moja wameshaisoma.

Sikatai kwamba kijana wako naye yuko kiwanda hichohicho cha magodoro, msimamizi wa zamu ya asubuhi. Ni kazi nzuri. Lakini yeye ni msimamizi tu, ukaimu bado hajaufikia. Asikate tamaa. Binti yangu ndiye aliyemfundisha kazi alipoingia, na akimwomba vizuri atamfundisha na hili.

Wifi yako,
Mama Kaimu

*

Tarehe 13 Machi

Wifi,

Barua yako niliisoma nimekaa, nikainuka, nikaisoma tena nimesimama, nikacheka mpaka mume wangu akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Kaimu si cheo, mama. Kaimu ni mtu anayewekwa kukishikilia kiti mpaka mwenye kiti apatikane. Kuongezewa muda mara tatu maana yake mara tatu wamemtazama na mara tatu wamesema huyu bado. Hilo ndilo uliloliweka juu ya kitambaa cheupe. Siku nyingine uliza maana ya neno kabla hujalivaa shingoni.

Na kwa kuwa umemtaja mwanangu, ngoja nikueleze mwenye cheo anavyoishi, ili ukiandika tena uandike kwa adabu. Mwanangu alithibitishwa baada ya miezi mitatu tu. Barua yake inasema amethibitishwa, haina habari za muda wala kuongezewa. Ana nyumba ya kiwanda, vyumba vitatu, na maji ndani. Ana kadi ya hospitali, nami jina langu limo, la baba yake limo, tunatibiwa bila kutoa kitu. Akienda likizo analipiwa nauli. Mshahara wake ni mara mbili ya wa binti yako, na hilo kaniambia kwa mdomo wake akiwa anakula hapa kwangu. Meneja alimwita ofisini akamwambia, "Wewe ni mwanamume, una familia ya kulisha, hatuwezi kukulipa kama yule dada."

Ndiyo, binti yako alimfundisha. Miezi mitatu. Kumbe mwanafunzi alikuwa na kichwa kuliko mwalimu.

Msalimie kaka yangu. Mwambie hiyo rula aiteme.

Mimi,
Mama Msimamizi, aliyethibitishwa

*

Tarehe 20 Machi

Mwanangu Kaimu,

Shangazi yako amepasuka kwa wivu na mimi ndiye ninayerushiwa vipande. Nimeiweka barua yake humu ndani usome mwenyewe anavyotutukana, hasa ukurasa wa pili. Eti kaimu si cheo. Mtu aliyefua mashuka ya hospitali maisha yake yote anataka kunifundisha mimi vyeo vya kiwandani.

Ile barua yako nimebaki nayo, usinikasirikie. Nina kazi nayo. Alhamisi nakwenda hospitali kubwa nikatazamwe hili jicho la kushoto, maana sasa hata uzi hauingii kwenye sindano. Shangazi yako anasema kijana wake ana kadi inayomtibu mama yake. Basi wewe wa mara tatu kadi yako itakuwa na mimi, baba yako, na pengine hata mbuzi. Huko dirishani nitawaonyesha barua, waone ninatoka kwa nani. Nimeshapiga pasi gauni la buluu.

Mdogo wako wa mwisho kifua chake kikoje? Nasema mdogo wako kwa mazoea, namaanisha mwanao. Mjukuu wangu bado anakoroma? Mpe maji ya uvuguvugu, usimlaze chali.

Baba yako anasema usisome barua ya shangazi yako kwa hasira. Mimi nasema isome kwa hasira yote uliyo nayo.

Mama yako anayejivunia,
Mama Kaimu

*

Tarehe 28 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia Ijumaa, na Alhamisi yako ilikuwa jana yake. Kama ulikwenda, basi umeshaambiwa dirishani kitu nilichopaswa kukuambia mimi. Nisamehe, mama. Mwaka wa kwanza nilinyamaza nikidhani kitapita. Mwaka wa pili nilinyamaza kwa aibu.

Shangazi amesema kweli kuhusu neno lile. Nimekaimu miaka miwili na miezi mitano. Kazi ni ya msimamizi, jina ni la msimamizi wakinihitaji, ila mshahara ni uleule wa mshona makava ya magodoro, na kijiposho cha kukaimu kinachoishia kwenye sabuni. Kadi yangu inanitibu mimi peke yangu. Kila mwezi mwanangu anapigwa na pumu na kila mwezi natoa mfukoni.

Mimi na kaka, mwana wa shangazi, tunakalia kiti kimoja, mama. Si maneno ya kufumba. Ni meza moja, kiti kimoja, daftari moja. Yeye anatoka saa nane mchana, mimi nakaa kikiwa bado kina joto lake. Watu thelathini na wawili zamu yake, thelathini na wawili zamu yangu. Zamu yangu inatoa magodoro mia mbili, yake mia na themanini, na ishirini yanayopungua tunamalizia sisi. Nimemfuata meneja mara tatu. Kila mara ananijibu kaka ana familia ya kulisha. Kaka hajaoa, mama. Familia yake ni redio na pasi. Mimi nina watoto wawili na baba yao hayupo, lakini hiyo machoni pao si familia, ni bahati mbaya.

Sasa sikiliza. Nilisoma barua ya shangazi kwa hasira kama ulivyoniagiza. Nikasoma tena, hasira ikaondoka. Yote ambayo ofisi imekataa kunionyesha, shangazi ameyaandika kwa mkono wake: tarehe, nyumba, kadi, mshahara, na maneno ya meneja. Nikaichukua kwenda nayo ofisi ya kazi. Msuluhishi ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Aliyeandika hii ni adui yako?" Nikamwambia ni shangazi yangu. Akasema, "Basi hakuandika kwa kukusaidia. Nzuri."

Lakini amesema barua pekee haitoshi. Ama shangazi aje aseme mbele ya meneja kwamba ni yeye aliyeandika na ni kweli, ama kaka alete barua yake ya kuthibitishwa. Bila hivyo kiwanda kitasema ni umbea wa mawifi. Na muda wangu wa tatu unaisha mwisho wa Mei. Nikishindwa nitarudishwa kwenye cherehani, au nitafungiwa geti kabisa.

Nilimwomba kaka tukiwa tunapokezana zamu. Nikamwambia, "Sitaki kwako kipungue hata msumari. Nataka cha kwangu kifike hapo ulipo." Akanipa daftari. Akasema, "Dada, unajua nakuheshimu. Ngoja nimuulize mama."

Mama, tafadhali usimwandikie shangazi lolote. Niachie nimwandikie mimi, kwa upole.

Mwanao

*

Tarehe 5 Aprili

Wewe mwanamke,

Salamu utaipata kwa kaka yako. Mimi sina.

Nimekatazwa kukuandikia, kwa hiyo ninakuandikia. Nikuambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine ukanicheka huku umejificha: nilikwenda hospitali. Nilipanga foleni tangu saa moja, gauni la buluu, barua kwenye mfuko wa plastiki isikunjike. Nikafika dirishani nikasema kwa sauti, "Mimi ni mama wa Kaimu, mara ya tatu." Kijana wa dirishani akasoma, akanirudishia karatasi kwa vidole viwili. "Mama, kaimu hana wategemezi." Nikamwambia rudia. Akarudia. Mwanamke wa nyuma yangu akaniuliza kama nimemaliza. Nimerudi nyumbani na jicho langu lilelile.

Tangu siku hiyo sentensi hiyo imenikaa kichwani. Kaimu hana wategemezi. Nani amewaambia? Wajukuu wawili, mimi, kaka yako na magoti yake, sote tumelala kwenye mgongo wa msichana mmoja, na karatasi inasema hayupo anayemtegemea. Na mwanao anayekaa peke yake kwenye vyumba vitatu, sijui analala kimoja kwa usiku au anazunguka, huyo ndiye mwenye familia.

Na wewe ulijua. Ulijua miaka yote hii, ukakaa unakula vya kadi na kunyamaza, ukafungua mdomo siku ulipotaka kunikata maini.

Sasa umeshaandika. Barua yako iko ofisi ya kazi, imetobolewa na kutiwa kwenye faili. Ukurasa wa pili wamepigia mstari. Mwambie mwanao atoe barua yake ya kuthibitishwa aipeleke pale. Binti hataki kijana aondolewe kitu, kasema hata msumari. Ingekuwa mimi ningeanza kwa kung'oa mlango.

Mama yake yule dada

*

Tarehe 17 Aprili

Wifi,

Kwa hiyo barua niliyokuandikia wewe, ya ndani ya ukoo, imetiwa kwenye faili la serikali. Hongera. Nilidhani hujui kusoma, kumbe hujui kuficha.

Mwanangu hatatoa karatasi yoyote. Nimemkataza mimi, na akikuuliza mtu mwambie hivyohivyo, amekatazwa na mama yake. Meneja ameshamwita. Hakumtisha, alimwuliza tu kama nyumba anaipenda. Unajua swali la namna hiyo maana yake nini, au na hilo utaliweka kwenye kitambaa cheupe?

Na mkiniita huko, nitakuja. Nitakuja nimevaa vizuri, nitasimama, nitasema niliandika uongo. Nitasema nilikuwa natamba kwa wifi yangu kama wanawake wanavyotambiana. Nyumba hakuna, kadi hakuna, maneno ya meneja nimeyatunga. Tuone faili lenu litabaki na nini.

Unasema nilijua. Ndiyo nilijua, na sikujifunza neno hilo kwa mwanangu. Nilikuwa Kaimu Mkuu wa Dobi pale hospitali miaka kumi na moja. Wewe ulijua nafua mashuka, hukujua mengine kwa sababu hukuuliza. Watu kumi na wanne chini yangu, funguo zote kiunoni mwangu, na kila mwaka karatasi: unaongezewa muda. Kila mwaka nilisema asante. Nilivaa sare iliyopigwa pasi, sikuchelewa siku moja, sikuinua sauti, nikingoja waone wenyewe. Siku ya kustaafu walinihesabia kiinua mgongo kwa mshahara wa mfuaji na kunipa blanketi. Wiki hiyohiyo, kwenye harusi ya mdogo wako, mbele ya wageni wote ulisema, "Msogezeeni mfua mashuka kiti, amechoka kusimama." Watu walicheka. Kaka yangu naye alicheka.

Sasa niambie, kwa nini binti yako apate kwa kelele zenu kile nilichonyimwa kwa adabu yangu?

Usiniandikie tena.

Dada wa mume wako, kwa bahati mbaya yake

*

Tarehe 4 Mei

Wifi,

Umesema nisikuandikie tena. Hii ni ya mwisho, na ni fupi kwa sababu mkono unauma na jicho linatoa machozi yasiyo ya huruma.

La harusi ni kweli. Nilisema, na nilitafuta watu wengi zaidi wa kusikia. Nilimwuliza kaka yako jana kama anakumbuka, akazima redio. Akasema anakumbuka, na kwamba alicheka kwa kuwa wote walicheka. Kisha akatoka nje kunyoosha waya wa kuanikia ambao haukuwa umepinda. Sina namna ya kulirudisha neno hilo mdomoni. Sikuombi msamaha kwa barua, maana wewe ungeipeleka mahali.

Lakini la adabu nitakujibu. Miaka kumi na moja uliwaambia asante, wakakupa blanketi. Binti yangu naye kasema asante miaka miwili na miezi mitano, angeendelea kusema mpaka naye apewe lake, kama si wewe kushindwa kuuzuia mkono wako kutamba. Ni mimi na wewe, wasio na adabu, tuliomfikisha pale. Hilo lilinichekesha kidogo, peke yangu, nikiwa naosha vyombo.

Sasa umesema utakuja kusema uliandika uongo. Njoo. Nimemwambia msuluhishi akuwekee nafasi. Lakini ulipange vizuri neno lako, kwa sababu sitakuja peke yangu kukusikiliza. Binti yangu atakuwepo. Watu thelathini na wawili wa zamu ya mchana watakuwepo, wameomba ruhusa na watakaokatwa siku wamekubali kukatwa. Shemeji zako wote wawili, ndugu wa mume wako, nimewaandikia. Kaka yako anakuja, suruali ya kijivu nimeshaitoa. Meneja ataletwa na gari la kiwanda. Mbele ya hao wote utasimama na kusema mwanao hana nyumba, hana kadi, hakuthibitishwa, na wewe mama yake ni mtu wa kutunga. Nitakuangalia usoni, kwa jicho la kulia, hilo bado zima. Nataka nione kama unaweza. Mimi nisingeweza, hata kwa nyumba ya vyumba kumi. Mtoto nimemzaa mimi, halafu nimkane mbele ya watu ili bosi wake alale vizuri?

Kuhusu nyumba usitishike. Msuluhishi kaniambia mwenyewe, nilikwenda mpaka kwake, kwamba sheria haiwaruhusu kusawazisha kwa kumshusha aliye juu. Wakimgusa mwanao kwa sababu ya barua hiyo, wana kesi nyingine siku hiyohiyo. Kaniandikia, karatasi yake hii hapa ndani, ina muhuri. Mwonyeshe kijana. Binti anasema ameambiwa juzi wakipokezana zamu kwamba kijana hakukaa kwenye kile kiti zamu nzima, alisimama mpaka saa nane. Alipoulizwa akasema mgongo unamuuma. Mtoto wako si mbaya. Anakungoja wewe tu.

Na kitu kingine. Nilimweleza msuluhishi habari ya dobi. Sikumtaja mtu. Nilisema namjua mwanamke aliyekaimu miaka kumi na moja na kuhesabiwa kiinua mgongo cha mfuaji. Akavua miwani akauliza, "Karatasi zake za kila mwaka anazo?" Nikasema sijui, lakini mwanamke mwenyewe hajatupa hata kifungo tangu aolewe. Akasema aje nazo. Hakusema utapata. Kasema uje nazo.

Kwa hiyo ukija una njia mbili, na nafasi moja kwenye benchi. Useme uongo, au useme ulichoandika. Kama una hasira na mimi, kaa mbali na mimi, benchi ni refu. Sitegemei tupatane. Mtu akituuliza kama tunapendana nitasema hapana, na wewe sema hapana, hilo tutakuwa tumesema kweli wote wawili.

Binti yangu hajui kwamba nimekuandikia. Anafikiri bado naendelea kukatazwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo tutalala kwake, chumba kimoja, watu watano, mtoto tutamweka karibu na dirisha kwa ajili ya kifua chake. Wewe utalala kwa mwanao, kwenye nafasi.

Ofisi ya kazi, ghorofa ya kwanza, mlango wa pili ukipanda ngazi. Ni Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi huu, saa tatu kamili asubuhi. Wote tunakutarajia.

Mama wa msimamizi wa zamu ya mchana